Kabla ya kuwasha moto: mambo ya kuzingatia ukitaka kufufua gari moshi la mvuke

Ukikaa kidogo kando ya injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai pale Makumbusho ya Reli, Nairobi, hukosi kumsikia mgeni akiuliza kwa nini injini nzuri namna hii haiwashwi ikapeleka watu matembezi. Wanaouliza hivyo huwa wanaiangalia rangi. Rangi ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na kikundi kinachoanza na rangi mara nyingi huishia hapo hapo.

Kwanza ujue unashika nini. Mount Gelai, namba 5918, ni ya daraja (yaani aina) la 59, mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima. Gelai na mwenzake Shengena, aliye hapo hapo makumbusho, wote ni milima ya Tanzania, na jirani yao, injini namba 3020 ya daraja jingine, anaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Reli ilikuwa moja, ya nchi tatu. Daraja la 59 ni za muundo wa Garratt: boila moja katikati, imebebwa na seti mbili za silinda na magurudumu, ya mbele na ya nyuma, ili kitu chenye uzito wa tani 252 kiweze kukata kona kwenye reli ya upana wa mita moja. Boila yenyewe ina kipenyo cha karibu mita 2.3. Kazi yake ilikuwa kupandisha tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Gelai na Nyaturu zote zimewahi kuwashwa tena baada ya kustaafu, kwa hiyo tunazungumzia jambo linalowezekana. Ila kwa mara ya kwanza, chagua injini ndogo kuliko Garratt. Garratt ina silinda nne, maungio ya mvuke yanayozunguka na karibu kila kitu mara mbili.

Kazi inaanza kwenye boila. Kabla hujabandua ganda la nje, pima kama ndani kuna asbesto, maana injini nyingi za umri huo zilivikwa nayo kuzuia joto. Vumbi lake huua mapafu polepole. Waite wenye leseni ya kuitoa. Vijana wa kujitolea wenye vitambaa puani wakae mbali.

Boila ikibaki uchi, toa mabomba yote ya moshi, uingie ndani na taa. Unatafuta kutu iliyochimba, nyufa kwenye pembe za tanuru, na boliti zinazoshikilia kuta za tanuru zisisukumwe na presha. Boliti iliyokatika haionekani kwa nje. Fundi mzoefu huigonga kwa nyundo akasikiliza. Unene wa bati upimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, nukta kwa nukta, na vipimo viandikwe kwenye mchoro. Mkaguzi wa boila atataka mchoro huo, na baada ya miaka kadhaa wewe mwenyewe utauhitaji kuona chuma kimeliwa kiasi gani.

Halafu jaribio la presha kwa maji. Boila inajazwa pomoni, hewa yote inatolewa, kisha maji yanasukumwa hadi robo zaidi ya presha ya kazi. Kwa daraja la 59, lenye presha ya pauni 225 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kama 281. Maji hayabanwi, kwa hiyo penye udhaifu patavuja tu. Usimruhusu mtu afanye jaribio hilo kwa hewa. Hewa iliyobanwa hulipuka.

Hata cheti cha mkaguzi kikipatikana, kina mwisho wake. Marekani, sheria inataka boila ifunguliwe yote na kukaguliwa kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia. Bajeti isiyoweka akiba ya ukaguzi ujao tangu tiketi ya kwanza kuuzwa ni bajeti ya injini itakayorudi kuwa sanamu.

Maji ndiyo hudharauliwa kuliko yote. Kila lita inayogeuka mvuke huacha chumvi zake nyuma, zikagandamana kwenye chuma kama ule ukoko mweupe wa ndani ya birika la chai. Ukoko unazuia joto lisiingie majini, chuma kinaungua, na mbaya zaidi unaziba njia za kioo cha kupimia maji. Juni 1995, karibu na Gettysburg huko Pennsylvania, injini namba 1278 ikiwa na treni ya matembezi iliishiwa maji juu ya paa la tanuru huku vioo vyake, vilivyoziba kwa uchafu, vikishindwa kuonyesha hali halisi. Paa likaporomoka, na watatu waliokuwa kwenye kibanda wakaungua vibaya. Kwa hiyo pima maji ya kila kituo utakachochota, uyatie dawa, osha boila kwa ratiba, na kila asubuhi fungua koki za kioo uone maji yanashuka na kurudi kwa kasi. Yakirudi kwa uvivu, safari haianzi.

Utachota wapi? Garratt hubeba zaidi ya lita 30,000, na minara ya maji ya stesheni ilianza kufa siku dizeli ilipoingia. Andaa maboza, na uende mwenyewe ukahakikishe boza linaweza kufika kando ya reli mvua ikinyesha.

Njia nayo ina masharti yake. SGR, ile reli mpya, ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo isahau. Unabaki na reli ya zamani, unayogawana na treni za abiria za jijini na za mizigo. Uliza uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli kwenye madaraja leo, usisome kitabu cha 1956. Karibu na Nairobi watu hufanya biashara hadi ukingoni mwa reli, na gari moshi huwavuta waje karibu zaidi, simu mkononi. Weka walinzi kwenye vivuko.

Injini hizi huchoma mafuta mazito, na hapa wengi hushangaa: kichomeo kinahitaji mvuke ili kurushia mafuta motoni, na injini baridi haina mvuke. Andaa kompresa au kuni za kuanzia, na namna ya kupasha mafuta yatiririke. Moto upandishwe taratibu, kwa Garratt siku nzima au zaidi, chuma kitanuke kwa pamoja. Wapigapicha watadai moshi mweusi. Moshi huo ni mafuta yanayopotea, isipokuwa pale fayamani, mtunza moto, anapotupa mchanga tanuruni kusugua masizi ya mabomba. Basi wapange kituo kimoja cha kufanya hivyo, kila mtu apate picha yake.

Na huyo fayamani atoke wapi? Wazee walioendesha injini hizi kazini wamebaki wachache. Mlipe mzee nauli na posho akafundishe kabla injini haijawa tayari, mumrekodi, maana kusikia injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila, inayokataa kushika maji hakumo kwenye kitabu.

Mwisho, amueni kwa maandishi nani ana mamlaka ya kufuta safari asubuhi ile ile. Awe fundi wa boila. Asiwe anayeuza tiketi, wala mgeni rasmi asiwe na njia ya kumpigia simu. Kwenye tiketi iandikwe wazi kwamba treni inaweza kuvutwa na dizeli, na dizeli yenyewe iwe imekodiwa tayari, imesimama stesheni na dereva wake ndani.