Kuchagua gitaa dogo la kuishi nalo chomboni

Anayetafuta gitaa la kukaa nalo katika chombo cha baharini kwa kawaida huuliza lipi ni dogo kuliko yote. Nami niliuliza hivyo, nikajuta. Gitaa langu la kwanza la baharini lilikuwa la mbao tupu, yaani mbao nzima isiyo ya tabaka, zuri mno. Miezi michache ya unyevu ikauvimbisha uso wake, nyuzi zikainuka juu ya shingo, na kila wimbo ukawa maumivu ya vidole.

Hatua ya 1: Pima mahali litakapolala

Shika futi kabla ya kutazama gitaa lolote. Epuka ubavuni mwa injini na chini ya dirisha la sitaha, kwa maana joto hulainisha gundi iliyoshika daraja la nyuzi. Mimi nimelifunga langu kwa kamba ukutani, juu ya kitanda, lisianguke chombo kikilala upande.

Hatua ya 2: Chagua limetengenezwa kwa nini

Hapa usiharakishe. Mbao tupu hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55; ikizidi huvimba, ikikauka ghafla hupasuka. Plaiwudi huvumilia zaidi, kwa sababu tabaka zake zimegundishwa zikipishana na kila moja huizuia nyingine isitanuke. Gitaa la Martin LXM limetengenezwa kwa karatasi zilizoshindiliwa pamoja na gundi ngumu: sauti yake si nene, lakini ni gitaa la kazi. Kaboni, yaani nyuzinyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ngumu, kama ya kampuni za RainSong au Journey, haivimbi wala haipasuki kwa unyevu. Ni ghali, na kama utakaa majini mwaka mzima, ningekushauri usubiri uweke akiba upate hilo.

Hatua ya 3: Sasa tazama ukubwa

Gitaa la kawaida lina takriban sentimita 65 za uzi unaolia. Taylor GS Mini lina kama 60, Baby Taylor kama 58. Uzi ukiwa mfupi hulegea, basi lifunge nyuzi nene kidogo. Martin Backpacker ni jembamba kama kafi na huingia popote, ila bila mkanda huteleza mapajani, na besi yake ni hafifu. Journey hutengeneza pia yanayochomolewa shingo. Hayo yanafaa kama mahali pako ni pafupi sana.

Hatua ya 4: Kagua chuma

Hata gitaa la kaboni lina vigingi vya kukazia nyuzi na skrubu. Zungusha kila kigingi uone kama kinakwenda laini. Nailoni yenyewe haishiki kutu. Ukipenda nyuzi za chuma, nunua zilizopakwa utando wa kinga.

Ukishalileta chomboni, kila ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi iliyobaki huvuta maji kutoka hewani usiku kucha, hata gitaa likiwa ndani ya mfuko wake.