Somo: Kupiga picha wanyamapori kwenye milima ya majabali

Karibuni. Leo tumzungumzie mbuzi wa majabali, maana ukimweza huyo, wengine wa milimani watakuwa rahisi.

Hatua ya 1: Ujue upepo. Usiku hadi alfajiri hewa hushuka bondeni. Jua likishapasha miteremko joto, hewa huanza kupanda. Kwa hiyo ukiwa chini ya mnyama alfajiri, harufu yako haimfikii. Asubuhi ikipamba moto, anakunusa. Basi uwe umeshakaa mahali pako kabla jua halijapiga mteremko. Dondosha vumbi kidogo uone linakoelekea, hasa karibu na kilele, ambako upepo huzungukazunguka.

Hatua ya 2: Mwache akuone. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbuzi wa majabali akishtuka hukimbilia juu, kwenye magenge. Ukimtokea kutoka huko, umemzibia njia yake ya kuokoka. Panda kimshazari, polepole, bila kumkazia macho. Tazama taya lake: likiacha kutafuna, simama. Likianza tena kutafuna, una ruhusa ya hatua chache. Akipiga mguu chini au akikoroma kwa pua, rudi nyuma. Mimi huketi kabisa, na mara nyingi yeye ndiye anayesogea.

Hatua ya 3: Kamera. Lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 100–400 inatosha na haikuelemei. Mnyama anayeruka anataka kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, anayetembea 1/1000. Kwenye theluji kamera hudanganyika na kutoa picha ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwangaza kwa stopu 1 hadi 1.5 (stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu). Fokasi iwe jichoni. Tena usimjaze kwenye fremu nzima. Acha genge lionekane, ndipo mtazamaji atakapojua anaishi wapi.

Na jamani, usitembee huku jicho liko kwenye kamera. Hata hatua moja.

MASWALI

Mwalimu, betri yangu huisha upesi kwenye baridi. Nifanyeje?
Mara nyingi haijaisha, imezubaa kwa baridi. Beba ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, uwe unazibadilisha. Ile iliyozimika ikipata joto hurudisha chaji kiasi.

Picha zangu za mbali zina ukungu ingawa natumia tripodi. Ni lenzi?
Zilipigwa mchana, sivyo? Mawe yakipata joto, hewa juu yake hutetemeka, na lenzi hata iwe ghali vipi haiwezi kuondoa mtetemo huo. Sogea karibu kama mnyama anaruhusu, la sivyo rudi alfajiri.

Nimeona kitoto kimelala peke yake kwenye mwamba. Naweza kukisogelea, ndugu?
Hapana, tafadhali. Mama yuko karibu anakutazama, na hatarudi kunyonyesha ukiwa hapo. Piga picha moja kutoka ulipo, kisha ondoka kwa njia uliyojia.