Namna ya Kumwita Bweha Usiku Ukiwa Pamoja na Mwindaji Mzoefu

Ninaishi Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitoka jijini mwisho wa wiki kwenda kwenye mashamba yaliyo kandokando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata ili kuwaita bweha usiku, yaani kuwavuta waje kwa kuiga mlio wa mnyama mdogo aliyeumia. Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Kikwere ambaye aliwinda kwa kibali katika ujana wake na ambaye siku hizi hatoki tena na bunduki. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kujifunza kazi hii akiwa amekaa ubavuni mwa anayeijua. Wengi wanaoniuliza huanza na swali la mlio: ni sauti gani nipige, ninunue spika gani? Mimi huwajibu kwamba mlio ni sehemu ndogo, na kwamba bweha wengi niliowakosa niliwakosa kwa sababu ya upepo, kabla hata sijafungua kinywa.

Niseme mapema kwamba tunaita ili tuone na tupige picha. Kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kwa hiyo hatubebi silaha ya aina yoyote, hata manati. Katika nchi kama Uingereza na Australia watu humwita mbweha mwekundu (fox kwa Kiingereza) usiku kwa njia zinazofanana sana na hizi, wakiwa na bunduki na ruhusa ya mwenye shamba, lakini mbweha yule hayupo kwetu na sheria zao si zetu.

Hatua ya kwanza: mjue unayemwita

Bweha tunaokutana nao zaidi ni bweha miraba, mwenye rangi ya kijivu, mstari hafifu ubavuni, na ncha nyeupe mkiani ambayo ndiyo alama ya kuaminika zaidi usiku. Bweha mgongo-mweusi ana masikio makubwa zaidi, uso mwembamba, na mgongo mweusi uliochanganyika na nywele za fedha, huku ncha ya mkia wake ikiwa nyeusi. Wote wana uzito wa kilo saba hadi kumi na mbili hivi, na hutembea wawiliwawili, dume na jike, katika eneo wanalolilinda.

Tofauti ya tabia zao ndiyo inayoamua namna ya kuwaita. Bweha miraba hula panya, wadudu, mizoga na matunda yaliyodondoka, naye ni mwoga, hivyo mlio mkali humfukuza. Bweha mgongo-mweusi ana ujasiri zaidi, huweza kuua hata ndama wa swala, na mara nyingi huja mbio. Sauti zao pia ni tofauti: mgongo-mweusi hupiga ukelele wa kupanda unaofuatwa na vilio vifupi, lakini miraba hutoa mguno unaofanana sana na wa bundi. Katika mwaka wangu wa kwanza niliusikia mguno huo mara nyingi nikadhani ni ndege, mpaka mzee aliponigusa bega na kunionyesha kwa kidevu upande ulikotoka.

Hatua ya pili: ruhusa, na watu wajue kwamba mpo

Tunakwenda kwenye shamba la mtu tunayemfahamu, kwa idhini yake, na kabla ya giza kuingia tunapita kwa mwenyekiti wa kitongoji kumweleza tutakuwa wapi na mpaka saa ngapi. Msichukulie jambo hili kuwa la adabu tu. Watu watatu wenye tochi shambani saa nne usiku hudhaniwa kuwa wezi wa mifugo au wa mazao, na ulinzi wa kijiji hautawauliza maswali kwa upole. Hifadhi zilizo karibu na jiji, kama Pugu Kazimzumbwi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu au Pori la Akiba Pande lililo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), si mahali pa kujiendea usiku na spika. Bila ruhusa ya mamlaka husika, msiingie.

Ukifika kwa mzee, msalimie, kaa naye, umsikilize kabla ya kuzungumzia safari ya usiku. Mwindaji mzoefu huanza kufundisha pale barazani, anapouliza kuku wa nani wamechukuliwa wiki hii, nyayo zimeonekana wapi, mbwa wa jirani walibwekea upande gani. Majibu hayo ndiyo yanayochagua shamba la kwenda.

Hatua ya tatu: vifaa na mavazi

Vaa nguo za pamba za rangi iliyofifia, kwa kuwa nailoni hukwaruza na katika ukimya wa usiku husikika mbali. Vaa buti zinazofika juu ya kifundo cha mguu, maana kifutu hulala njiani wala hakimbii akikusikia. Dawa ya mbu ina harufu, hivyo ipake mapema nyumbani, kisha utegemee mikono mirefu na soksi nene. Usivute sigara, usijipulizie manukato, na simu izimwe kabisa.

Kwa taa, tunatumia tochi mbili: moja ya kawaida kwa kutembea na kwa dharura, na nyingine iliyofungwa karatasi ya nailoni nyekundu kwa kutafutia macho. Jamii ya mbwa huona rangi nyekundu kwa shida, na kwa sababu hiyo mwanga huo hauwashtui kama mweupe. Mzee huongeza kitu kimoja ambacho hakiuzwi dukani: kitambaa chembamba kilichofungwa jivu safi la kuni.

Hatua ya nne: upepo na mahali pa kukaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo.

Bweha akisikia mlio wa mnyama mdogo aliyeumia, haji moja kwa moja. Hutoka alipo, huzunguka, na kujaribu kufika upande ambao upepo utamletea harufu ya kile anachokisikia. Akiipata harufu ya mtu katika mzunguko huo hugeuka kimya kimya, na wewe utaondoka ukiamini kwamba hapakuwa na bweha. Kwa hiyo swali la kwanza si bweha yuko wapi, bali ni wapi atapita akizunguka.

Watu wa pwani tunajua kusi na kaskazi, na pepo hizo ni mwanzo mzuri wa kupanga: kuanzia karibu Aprili hadi Septemba tarajia upepo wa kusini, na kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazini. Lakini usiku, hasa unapoingia bara kidogo, upepo wa bahari hufifia, na hewa ya nchi kavu inaweza kuanza kushuka kuelekea pwani. Nimekaa mahali palipokuwa sahihi saa mbili usiku, na kufikia saa nne pakawa pabaya kabisa. Ndiyo maana mzee hutikisa kitambaa chake cha jivu kila baada ya dakika chache, akaliangalia vumbi lile jeupe linavyoelea kwenye mwanga mwekundu hafifu. Upepo mdogo usiousikia shavuni huonekana hapo.

Chagua mahali ambapo upepo unapita kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, si usoni wala kisogoni. Upande ambao upepo unaelekea uwe wazi: shamba lililovunwa, nyasi fupi zilizoliwa na ng'ombe, au mistari ya mananasi ambayo unaweza kuona katikati yake. Bweha atalazimika kuvuka uwazi huo kabla ya kuifikia harufu yako. Mgongoni uwe na kitu kizito, kama shina la mkorosho au kichuguu, ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Gari liachwe mbali, nyuma ya mwinuko, na milango ifungwe kwa kusukumwa taratibu.

Mgawanyo wa kazi uwe wazi kabla ya kukaa. Mzoefu ndiye anayeita na kumulika. Mwanafunzi hukaa upande ule upepo unakoelekea, akitazama uwazi ule tu, na akiona kitu humgusa mwenzake mara moja mguuni bila kusema wala kuonyesha kwa mkono. Mara ya kwanza nilipowekwa hapo nilimpiga mbu aliyekuwa shingoni mwangu. Bweha alikuwa hatua arobaini hivi kutoka kwetu na sikuwa nimemwona. Mzee alikuwa amemwona. Hakunigombeza. Alikaa dakika tano nyingine, akainuka, akasema, "Twende, mwanangu, hapa pamekwisha."

Hatua ya tano: mlio

Mkishakaa, nyamazeni dakika tano kamili ili wadudu warudie sauti zao, kwani ukimya wa wadudu ni dalili kwamba bado mnasumbua.

Anza na sauti ndogo kuliko unavyodhani inafaa. Kaza midomo, iweke kwenye mgongo wa mkono, na ufyonze hewa kwa nguvu mpaka itoke sauti nyembamba kama ya panya. Kwa bweha miraba aliye karibu, sauti hiyo peke yake hutosha. Mlio wa sungura aliyekamatwa hupigwa kwa unyasi mpana uliobanwa kati ya vidole gumba viwili, ukipuliza huku ukifungua na kufunga viganja ili sauti ipande na kushuka kama ya kitu kinachochoka. Piga kwa nusu dakika, kisha nyamaza dakika moja au mbili. Anayeanza huogopa ukimya huo na kuujaza sauti. Mnyama aliyeumia kweli hanung'uniki kama mashine.

Spika ina faida moja ya kweli: mnyama huitazama yenyewe badala ya kukutazama wewe. Ukiitumia, iweke hatua ishirini hadi thelathini kutoka mlipokaa, upande unakotoka upepo, na uanze kwa sauti ya chini kabisa. Mimi napendelea mdomo na unyasi, kwa kuwa naweza kupunguza sauti mara tu ninapoona macho.

Hapa lazima niseme jambo la hatari. Mlio wa mnyama anayekufa humwita kila anayekula nyama. Fisi huusikia, na mahali penye chui naye huusikia. Ikiwa kuna habari za chui au simba katika eneo, msiite kwa miguu. Fisi akitokea, inukeni wote pamoja, washeni tochi nyeupe, mzungumze kwa sauti ya kawaida, na mrudi kwenye gari bila kukimbia.

Hatua ya sita: kusoma macho

Mulika kwa kupitisha mwanga taratibu juu ya nyasi, si ndani yake, na macho yakiwaka, usiyapige kwa kiini cha mwanga. Yaache kwenye ukingo wake. Ndani ya jicho la mnyama wa usiku, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha nuru, lakini si kila kinachong'aa ni bweha. Buibui wa nyasini hung'aa kama vitone vidogo. Komba huwa juu mtini na macho yake huruka kutoka tawi hadi tawi. Mbuzi na ng'ombe hukodoa kwa muda mrefu bila haraka. Fungo huenda chini chini kwa mwendo ulionyooka. Bweha hutambulika kwa mwendo wake: macho mawili yaliyokaribiana, kwenye urefu wa goti, huja hatua chache, hupotea anapotazama pembeni, kisha huonekana tena mahali ambapo hukutarajia, karibu kila mara upande ule upepo unakoelekea.

Akifika, acheni kuita. Piga picha bila mwanga wa kamera kadiri inavyowezekana, na mwacheni aondoke mwenyewe. Tukimwona jike mwenye chuchu zilizojaa, yaani anayenyonyesha watoto, tunafunga kazi usiku huo na haturudi hapo kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo hatutumii kamwe mlio wa mtoto wa bweha.

Hatua ya saba: kuondoka

Baada ya dakika ishirini bila dalili, inukeni. Mahali pengine pawe angalau kilomita moja mbele, na shamba moja lisiitwe zaidi ya mara moja kwa mwezi, kwa maana bweha aliyedanganywa mara mbili hajitokezi ya tatu, nasi tutakuwa tumemchosha bure.

Msimguse mnyama yeyote, hata aliyekufa, na bweha anayewajia bila woga wala tahadhari mkae naye mbali, kwa kuwa huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali usiku huo huo kupata chanjo.

Tukirudi barazani mzee huomba chai, nami huandika kwenye daftari: saa, upepo ulikotoka na saa ulipogeuka, hali ya mwezi, mlio uliotumika, na mahali bweha alipotokea mara ya kwanza. Usiku tusipoona kitu naandika vilevile, kisha namsomea, naye hunionyesha kwa kidole, juu ya mchanga wa uani, njia ambayo anaamini bweha alipita.