Nyuki na kodi ya ardhi Texas: somo kwa mwenye ekari 5 hadi 20

Mkulima wa Texas hasamehewi kodi ya ardhi, ila shamba lake linathaminiwa kwa kile linachoweza kuzalisha badala ya bei ya soko. Sheria inataja ufugaji wa nyuki kwa jina, mradi nyuki wawe wa uchavushaji au wa kuzalisha chakula na mazao mengine ya kuuzwa, na ardhi isipungue ekari 5 wala kuzidi 20. Anayeshika hesabu hizo mbili bila kujua nyuki hufeli mwaka wa pili, kwa sababu ofisi ya uthamini, yaani ile ya kaunti inayopanga thamani ya ardhi kwa ajili ya kodi, huhesabu makundi yaliyo hai.

1. Pima ardhi kwanza. Kaunti nyingi huondoa ekari moja ya nyumba na ua. Kwa hiyo mwenye ekari 5 kamili na nyumba juu yake hujikuta na 4, na mlango umefungwa. Ndani ya mipaka ya mji masharti ni magumu zaidi, ulizia mapema.

2. Chukua mwongozo wa kaunti yako. Idadi ya mizinga hupangwa na ofisi ya uthamini ya kila kaunti. Kanuni inayotumika sana ni mizinga 6 kwa ekari 5 za mwanzo, kisha mmoja kwa kila ekari 2.5 zinazoongezeka. Mfano: una ekari 12, toa 1 ya nyumba, zinabaki 11. Sita za ziada ukigawa kwa 2.5 unapata 2.4, hesabu 3. Jumla ni mizinga 9. Ekari 20 huhitaji 12.

3. Angalia historia ya ardhi. Lazima iwe imetumika kwa kilimo miaka 5 kati ya 7 iliyotangulia. Kama haina historia, utafuga miaka 5 huku ukilipa kodi ya bei ya soko. Weka idadi kamili ya mizinga tangu mwaka wa kwanza, na tunza risiti, picha zenye tarehe na ramani ya mahali ilipo.

4. Agiza nyuki wakati wa baridi. Wauzaji hupokea oda Desemba na Januari, nyuki hutoka karibu na Aprili. Nunua kundi dogo la fremu 5 (viunzi vinavyobeba masega) lenye malkia anayetaga. Linakua haraka kuliko nyuki wa pakiti wasio na masega. Ukitakiwa mizinga 6, fuga 8. Hili ndilo shauri tunalolisisitiza kuliko yote. Makundi hufa hata kwa mfugaji hodari, na mzinga mtupu ni sanduku tu.

5. Weka mizinga vizuri. Jua la asubuhi, kivuli cha alasiri, stendi ya kimo cha magoti, maji karibu mwaka mzima. Miguu ya stendi isimame kwenye makopo ya mafuta, kwani sisimizi wekundu wa kule huingia na kula majana (watoto wa nyuki walio ndani ya masega).

6. Dhibiti varoa. Utitiri huu ndio muuaji mkuu. Kila mwezi, kuanzia machipuko, chukua nusu kikombe cha nyuki (kama 300) kutoka fremu ya majana, hakikisha malkia hayumo, watikise ndani ya spiriti, kisha hesabu utitiri. Ukifika 9, yaani 3 kwa kila nyuki 100, tibu. Hapa wengi huharibu: asidi ya fomiki kwenye joto la zaidi ya nyuzi 29 za Selsiasi huweza kuua malkia, na Agosti ya Texas hupita hapo kwa mbali. Asidi ya oksaliki ya kudondosha au kufukiza haipenyi vyumba vya majana vilivyofunikwa kwa nta, hivyo inafaa zaidi katikati ya baridi majana yanapokuwa machache. Soma lebo, na ondoa masanduku ya asali pale inaposema uondoe.

7. Lisha kiangazi. Julai na Agosti maua hukauka. Sukari na maji sawa kwa sawa wakati wa machipuko. Sukari mara mbili ya maji vuli ikifika. Mimina jioni, ndani ya mzinga, la sivyo makundi yenye nguvu huvamia dhaifu na kupora asali.

8. Peleka fomu 50-129, yaani ombi la ardhi kuthaminiwa kama ya kilimo, kwenye ofisi ya uthamini kabla ya Mei 1. Ukichelewa, bado inapokelewa hadi bodi ya mapitio iidhinishe daftari la mwaka huo, ila kwa faini ya asilimia 10 ya kodi uliyookoa.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nimenunua ekari 8 zilizokuwa malisho ya ng'ombe. Naanza upya miaka 5?*
Hapana, historia inafuata ardhi. Lakini mmiliki amebadilika, kwa hiyo jaza fomu mpya kwa jina lako, na usiache pengo kati ya ng'ombe kuondoka na nyuki kufika.

*Mimi si raia, nina grini kadi. Nakubaliwa?*
Ndiyo. Kizuizi kinamgusa mgeni asiye mkaazi anayetakiwa kisheria kusajili umiliki wake kama mgeni. Mkaazi wa kudumu hayumo.

*Kwetu Tabora tunatundika mizinga mitupu na nyuki wanaingia wenyewe. Kwa nini ninunue?*
Ndugu, mzinga mtupu hauhesabiwi, na hujui kundi litaingia lini. Tena kusini mwa Texas kundi la porini mara nyingi lina damu ya nyuki wale wakali wa asili ya Afrika. Likiingia, badilisha malkia. Mzinga wa gogo nao huwezi kuufungua kupima varoa bila kuharibu masega.

*Mizinga miwili imekufa Februari. Nifanyeje kabla ya ukaguzi?*
Dada, kwanza angalia sababu. Kama ni varoa, tibu iliyobaki. Kisha gawa yenye nguvu maua yakianza: fremu 3 za majana na nyuki wake, 2 za asali na chavua, pamoja na malkia wa kununua aliyekwisha kupandwa. Ukiwaachia walee malkia wao, anatoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, na huongeza kama wiki mbili kabla ya kutaga. Piga picha siku ya kugawa, ambatisha risiti ya malkia.

*Nikiamua kujenga kwenye shamba lote?*
Utadaiwa tofauti ya kodi ya miaka 3 iliyopita, bila riba. Ukijenga sehemu, unadaiwa kwa sehemu hiyo tu, lakini hesabu upya ekari zinazobaki. Zikishuka chini ya 5, ufugaji wa nyuki hautoshi tena kukupa uthamini wa kilimo.