Farasi mdogo akiogopa ng'ombe, mpitishe nyuma yao

Kwa wanaopanda farasi pwani ya Nungwi na Kendwa, Zanzibar, mana ng'ombe kule wanajipitia mchangani kama sisi tu: farasi kijana akigoma usimsukume uso kwa uso wala usimchape. Waache ng'ombe wapite, afu wafuate kwa nyuma, mbali kidogo, hatamu legeza, akishusha shingo na kutoa pumzi ndefu taratibu puani ndo unasogea hatua mbili tatu. Anaona kile kitu kinamkimbia yeye, woga unapungua anaanza kutaka kujua, wangu masikio kayaelekeza mbele siku ile ile. Ila ng'ombe mwenye ndama usimfuate, atakugeukia, na mbwa ndo kabisa, hafuatiki yule anazunguka miguuni, hapo teremka umuongoze kwa mkono.