Sikiliza Diski Kwanza, SSD Baadaye

Ukiniletea kompyuta ya mezani hapa Mwanga, Kigoma, ukasema, "Fundi, imekuwa nzito, niwekee SSD," yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, sigusi bisibisi. Nakuuliza kwanza: humo ndani kuna kitu gani ambacho kikipotea utalia? Wengi hucheka. Mama mmoja mwenye steshenari kule Ujiji naye alicheka, kisha akanyamaza. "Mwanangu, kuna hesabu za kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Michango ya miaka mitatu." Basi siku hiyo kazi ilianza na flashi.

Mashine yake ni zile za mtumba tunazozijua wote: prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2, diski ya GB 160. Toka abonyeze kitufe mpaka aweze kuchapa barua ya mteja zilipita dakika saba, nilizipima kwa simu. Mteja wa barua hasubiri dakika saba. Anavuka barabara.

Fungua ubavu wa kasha, washa, tega sikio. Diski nzima huvuma tu, na ikifanya kazi hukwaruza kidogo kama panya kwenye gunia la mahindi. Ukisikia tk, tk, tk za kujirudia, halafu kimya, halafu tk tena, kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakiioni. Zima hapohapo. Tabia ya kuiwasha mara kumi "labda itakubali" ndiyo inayomaliza diski nyingi, kwa sababu kila ukiwasha unaipa nafasi nyingine ya kufa kabisa.

Isipogonga, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Tazama mistari miwili: "Reallocated Sectors Count", vipande vibovu vilivyokwisha kubadilishwa, na "Current Pending Sector Count", vipande vinavyoshukiwa. Sifuri ni habari njema. Ya Mama ilikuwa na alama ya njano na vipande 24 vinavyosubiri kuhukumiwa. Diski ya namna hiyo huihamishi nzimanzima. Unaokoa mafaili yenye thamani kwanza, hesabu kabla ya picha za harusi, kisha unapiga Windows upya kwenye SSD. Diski yenye afya ndiyo unayoweza kuikloni, yaani kuinakili nzima ilivyo, kwa programu ya Clonezilla kwa mfano.

Kuhusu kukloni, nina kovu. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa na diski mbili mezani, zote GB 500, sura moja. Programu ikaniuliza nakili kutoka wapi kwenda wapi, nikabonyeza haraka maana mwenye mali alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikanakili utupu juu ya kazi zake zote. Alikuwa mzee mstaarabu, hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Tangu siku hiyo diski ya zamani naibandika plasta ya kidonda, naandika tarakimu nne za mwisho za namba yake, na siendi mbele mpaka nizione tarakimu zilezile kwenye kioo upande wa "kutoka". Na sikloni bila UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaanza moja.

Sasa ununuzi. Kwa mashine hizi chukua SSD ya inchi 2.5 inayotumia SATA, waya uleule wa diski ya zamani, basi. Usishawishiwe na zile nyembamba za NVMe. Mazabodi (bodi kuu) ya zamani haina sehemu ya kuichomeka, na hata ukipata adapta, BIOS yake, ile programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, haijui kuwasha Windows kutoka humo. Pia usilipie kasi usiyoweza kuitumia: SATA ya kizazi cha pili, ya mashine hizi, inaishia kama MB 300 kwa sekunde, hata SSD iwe na mbio kiasi gani. Diski ya kuzunguka hupata kama MB 100 ikiwa kwenye siku yake nzuri. Lakini uzito wa kompyuta hautokani hasa na hizo namba. Diski ya zamani ina kichwa kinachosafiri kwenda kila faili, na kila safari hula milisekunde kumi hivi. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya mafaili madogo. SSD haina kichwa cha kusafirisha, ndiyo maana hata ikibanwa kwenye njia ya zamani bado utaona tofauti ya usiku na mchana.

Ila fungua Task Manager ya Windows, inayoonyesha matumizi ya RAM, kabla hujalipa. Kama RAM imejaa, kompyuta inaigeuza diski kuwa RAM, na SSD itapunguza maumivu bila kutibu. GB 4 ndiyo nauli ya chini. Angalia kama mazabodi inatumia RAM ya aina ya DDR2 au DDR3. Pengo la kati halilingani, na ikikataa kuingia usiilazimishe.

Kufunga hakuna maajabu. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha. Kama huna kishikio cha kuibana SSD, gundi ya pande mbili inatosha, haina kinachozunguka ndani. Mimi nimeshaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na ipo mpaka leo. Tumia nafasi hiyo kusafisha. Jirani wa yule Mama anakaanga mihogo kwa mawese, na moshi wake ukikutana na vumbi jekundu unakuwa kama lami kwenye feni. Brashi ya rangi iliyo kavu, na feni uishike kwa kidole isizunguke. Miguu ya dhahabu ya RAM isugue kwa ufutio wa penseli; kompyuta nyingi "zilizokufa" zenye kupiga mlio bila kuonyesha picha hufufuka hapo. Pawasaplai, lile boksi linaloingiza umeme, usiifungue, inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa. Ukiona kapasita za mazabodi, vile vikopo vidogo, zimevimba vichwa, acha kununua SSD, pesa hiyo tafutia mashine nyingine.

Kabla ya kupiga Windows, ingia BIOS, SATA iwe kwenye AHCI, namna mpya ya kuongea na diski, na si IDE, ile ya zamani. Kama unakloni Windows iliyozaliwa kwenye IDE, usibadilishe ghafla, utakutana na kioo cha bluu.

Hilo la AHCI ndilo lililomrudisha Mama siku ya nne. "Baba, hicho kitu chako kimekufa." Kioo cha bluu kweli. Nikaomba niione saa yake: tarehe 1 Januari, mwaka ambao hata duka hajalifungua. Betri ya saa, ile ya duara CR2032, ilikuwa imeisha. Akizima swichi ya ukutani jioni, BIOS inasahau kila kitu na kurudi IDE, na Windows haioni nyumba yake. Betri mpya, AHCI tena, ikawaka. Ukiwa na mashine ya umri huo badilisha betri siku hiyohiyo unayoweka SSD. Kama bado inagoma, badilisha waya wa SATA na tundu kabla ya kuhukumu SSD. Waya hizo hulegea.

Kuna jambo moja nilimwambia wazi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine yake haina. Ya kuchapa na kuprinti bila intaneti itaendelea. Ya kuingilia benki, hapana. Vijana wanaovinjari nawawekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Mama alisema hataki kujifunza upya, nikamwelewa.

Sasa inawaka kwa sekunde arobaini hivi. Hesabu za kikundi ziko kwenye SSD na kwenye flashi iliyofungwa kamba na funguo za duka. Diski ya zamani nilimrudishia ndani ya bahasha, nimeandika juu kwa wino mzito: MGONJWA, USIWASHE. Ameiweka kwenye droo ya risiti.