Jinsi ya Kuoka Bata Mzinga Mkubwa Bila Kukausha Kidari

Ugumu wa kuoka bata mzinga hautokani na ukubwa wake peke yake. Ndege huyu ana nyama za namna mbili zilizofunikwa kwa ngozi moja: kidari, ambacho hakina mafuta mengi na huanza kukauka joto lake likishapita nyuzi 74 hivi za Selsiasi, na mapaja, ambayo misuli yake imefanya kazi ya kumbeba ndege maisha yake yote, na kwa hiyo hubaki magumu mpaka yakaribie nyuzi 80, pale kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, inapolainika vya kutosha. Vyote viwili huingizwa katika oveni kwa wakati mmoja, na mpishi hutarajia vitoke vimeiva pamoja. Karibu kila hatua nitakayoieleza hapa ina lengo la kukichelewesha kidari, au kukilinda, ili mapaja yapate nafasi ya kuiva.

Mfano nitakaoutumia ni bata mzinga wa kilo 8, ambaye hutosha watu 12 hadi 16 ukikadiria gramu 500 hadi 700 za nyama mbichi, pamoja na mifupa, kwa kila mlaji. Utahitaji trei imara ya kuokea, wavu wa chuma wa kumwinua bata kutoka chini ya trei, foili, na kipimajoto cha nyama chenye ncha ya kuchomeka. Asiye na kipimajoto namshauri anunue hicho kwanza, kisha ndipo afikirie kumnunua bata, kwa sababu hakuna kifaa kingine jikoni kinachoweza kuziba pengo lake.

Hatua ya 1: Pima oveni, soma lebo

Kabla ya kununua, pima nafasi ya ndani ya oveni yako pamoja na trei utakayotumia, na uhakikishe kwamba itabaki nafasi ya kutosha juu ya bata ili hewa ya moto izunguke na ngozi isigusane na chuma. Pili, soma lebo. Baadhi ya bata mzinga wanaouzwa wakiwa wamegandishwa huwa wamekwisha kuchomwa sindano ya maji ya chumvi kiwandani, na ukiwapaka chumvi kwa kipimo kamili nitakachokitaja hapa chini, mchuzi wako hautalika. Kwa bata wa namna hiyo, punguza chumvi iwe theluthi ya kipimo au uiache kabisa.

Hatua ya 2: Yeyusha barafu mapema kuliko unavyodhani

Sikukuu nyingi huharibikia hapa. Bata aliyeganda huyeyuka ndani ya friji kwa kasi ya takriban saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.5, maana yake ni kwamba bata wa kilo 8 anahitaji siku tatu hadi nne kamili katika friji yenye joto lisilozidi nyuzi 4. Ukijumlisha siku moja au mbili za chumvi zitakazofuata, ni lazima umtoe kwenye friza siku tano au sita kabla ya mlo. Mweke ndani ya trei yenye kingo, katika rafu ya chini kabisa, ili maji yanayomtoka yasidondokee vyakula vingine.

Iwapo umechelewa, iko njia ya maji baridi: mwache ndani ya mfuko usiopitisha maji, mzamishe katika ndoo au sinki, na ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Kila kilo moja huchukua takriban saa moja, kwa hiyo bata wetu atakuchukua saa nane au zaidi za kusimama karibu naye, na akishayeyuka kwa njia hii anapaswa kupikwa mara moja, bila kungoja zile siku za chumvi. Usimwache ayeyuke juu ya meza ya jikoni, wala usitumie maji ya moto, kwa kuwa nyama ya nje hufikia joto linalowazalisha bakteria wakati kiini bado ni barafu.

Akishalainika, ingiza mkono ndani ya tumbo na utoe shingo, firigisi, moyo na ini, ambavyo mara nyingi hufungwa katika kifuko. Angalia pia upande wa shingo, kwa sababu wakati mwingine kifuko hicho hufichwa huko. Usimwoshe bata kwa maji ya bomba. Najua wengi tumelelewa tukiosha kila nyama kabla ya kuipika, lakini maji hayawaondoi bakteria kama Salmonella. Yanachofanya ni kuwarusha kwenye sinki, vyombo na mboga zilizo karibu. Joto la oveni ndilo litakalowaua. Mkaushe tu kwa karatasi za jikoni, ndani na nje, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya 3: Chumvi na hewa

Pima gramu 10 za chumvi kwa kila kilo ya bata, yaani gramu 80 kwa huyu wa mfano wetu, na uichanganye na pilipili manga na majani makavu ya viungo unavyovipenda. Tumia mizani, kwa sababu kijiko cha chumvi laini hubeba uzito mkubwa kuliko kijiko kilekile cha chumvi ya chenga. Pitisha vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari kuanzia upande wa shingo, bila kuichana ngozi, upake sehemu ya mchanganyiko humo moja kwa moja juu ya nyama. Inayobaki ipake kwenye mapaja, mgongoni, ndani ya tumbo na juu ya ngozi yote. Kisha mrudishe ndani ya friji juu ya wavu, bila kufunikwa, kwa saa 24 hadi 48.

Kinachotokea katika saa hizo kinafaa kueleweka, maana ndicho kinachomfanya mpishi awe na subira. Mwanzoni chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama, na ukichungulia baada ya saa moja utaona ngozi imetoa jasho na madimbwi madogo yametuama kwenye mikunjo ya mabawa. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha huanza kunyonywa tena ndani yakiwa nayo. Chumvi ikishaingia hulegeza protini za misuli, na protini zilizolegea hazijikamui sana zinapopata moto, ndiyo maana nyama iliyotiwa chumvi mapema huhifadhi maji mengi zaidi ikiokwa. Wakati huohuo hewa baridi ya friji huikausha ngozi, hata siku ya pili unaigusa na kuiona imekakamaa kidogo na kuanza kupitisha rangi ya nyama iliyo chini yake. Ngozi ya namna hiyo ndiyo inayokauka vizuri na kuwa ya dhahabu.

Wako wanaomlaza bata katika ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha. Njia hiyo hufanya kazi, lakini huijaza nyama maji yasiyo na ladha, huilowesha ngozi, na hudai nafasi ambayo friji nyingi hazina. Siipendekezi kwa ndege mkubwa.

Hatua ya 4: Maandalizi ya siku yenyewe

Toa bata kwenye friji muda wa dakika 45 kabla ya kumwoka. Katika dakika hizo, weka mfuko wa barafu juu ya kidari huku mapaja yakiachwa wazi. Kidari kitaingia katika oveni kikiwa na ubaridi zaidi ya mapaja, na tofauti hiyo ndogo huendelea kukusaidia hadi mwisho. Baadaye kausha unyevu wowote uliobaki juu ya ngozi.

Paka ngozi mafuta ya kupikia. Siagi ina harufu nzuri lakini ndani yake kuna maji, ambayo hupunguza ukavu wa ngozi, kwa hiyo kama unaitaka, itie chini ya ngozi. Kunja ncha za mabawa nyuma ya mgongo ili zisiungue, na ufunge miguu kwa uzi kwa kulegeza tu. Ukiikaza sana, joto halitafika kwenye maungio ya mapaja, ambako ndiko kunakochelewa kuiva. Ndani ya tumbo tia kitunguu kimoja kilichokatwa, kichwa cha kitunguu saumu na nusu ya limau, bila kushindilia. Mkate au wali wa kujazia upike katika bakuli lake kando, kwa sababu ukiwekwa tumboni hunyonya maji ya nyama mbichi na ni lazima nao ufike nyuzi 74, na kufikia hapo kidari kitakuwa kimekwisha kukauka.

Hatua ya 5: Kuoka

Sogeza rafu ya oveni ichukue nafasi ya chini kabisa, washa oveni kwenye nyuzi 220 na uiache ipate moto sawasawa. Tandaza vitunguu na karoti chini ya trei, mimina nusu lita ya maji ili mafuta yatakayodondoka yasiungue na kujaza jikoni moshi, kisha weka wavu na bata juu yake, kidari kikitazama juu. Elekeza miguu upande wa nyuma wa oveni, ambako kwa kawaida joto ni kali zaidi.

Baada ya dakika 30, ngozi ikianza kupata rangi, shusha joto hadi nyuzi 165. Kuanzia hapo kazi yako ni kungoja. Ngozi ya kidari ikifikia rangi unayoitaka, funika kidari peke yake kwa kipande cha foili. Huna haja ya kufungua mlango kila mara ili kummwagia bata mafuta yake; mafuta hayo hayapenyi ndani ya nyama, yanailowesha ngozi, na kila unapofungua mlango oveni hupoteza joto. Fungua pale tu maji ya trei yanapokaribia kukauka, uongeze kidogo.

Kwa jumla bata wa kilo 8 asiyejazwa kitu huchukua saa tatu na nusu hadi nne na robo, lakini makadirio haya yachukue kama msaada wa kupanga ratiba ya mlo tu. Oveni hutofautiana, na bata ambaye kiini chake bado kina barafu kidogo anaweza kukuongezea saa nzima. Anza kupima zikishapita saa mbili na nusu.

Hatua ya 6: Kupima

Chomeka kipimajoto katika sehemu nene kuliko zote ya kidari, ukiingilia upande wa shingo sambamba na mfupa wa kidari, na usiache ncha iguse mfupa, kwa kuwa mfupa una joto lake na utakudanganya. Pima pia upande wa ndani wa paja, karibu na pale linapokutana na mwili. Kiwango cha chini cha usalama ni nyuzi 74 kila mahali, na paja litakuwa tamu zaidi likifika kati ya 78 na 82. Rangi ya maji yanayotoka haiaminiki: yanaweza kuwa meupe kabla nyama haijaiva, na yanaweza kubaki na wekundu kwa bata aliyeiva kabisa.

Joto la nyama huendelea kupanda hata baada ya kutolewa, nyuzi 3 hadi 5 kwa ndege wa ukubwa huu. Kwa hiyo mimi hutoa bata kidari kinaposoma 71 huku mapaja yakiwa yamekwisha kupita 74, na huacha kipimajoto ndani hadi kidari nacho kisome 74. Kisiposoma, bata hurudi katika oveni, hata kama wageni wameketi. Na ikiwa kidari kimeiva ilhali mapaja bado, kata miguu yote miwili kwenye maungio, uirudishe katika oveni peke yake, na uache kidari kipumzike. Hakuna atakayejua, kwani bata atakatwakatwa jikoni kabla ya kufika mezani.

Hatua ya 7: Kupumzisha na kutengeneza mchuzi

Mwache bata apumzike dakika 30 hadi 45. Usimfunge kwa foili, maana mvuke utailainisha ngozi uliyoikausha kwa siku mbili. Foili iliyolazwa juu kwa kulegea inatosha, na kwa ukubwa wake hatapoa.

Muda huo ni wa mchuzi. Utakuwa umechemsha shingo, firigisi na moyo pamoja na kitunguu kwa moto mdogo kwa saa mbili wakati bata akiokwa. Ini liache nje ya sufuria hiyo kwa sababu huleta uchungu. Chuja maji ya trei na uengue mafuta yaliyoelea. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta hayo katika sufuria, ongeza vijiko vitatu vya unga wa ngano, koroga kwa dakika mbili au tatu hadi unga unukie kama karanga, halafu mimina kidogokidogo nusu lita ya supu na maji ya trei yaliyochanganywa, ukikoroga bila kuacha ili usifanye madonge. Onja kwanza ndipo uamue kuhusu chumvi, maana maji ya trei tayari yanayo.

Hatua ya 8: Kukata

Tenga miguu kwa kukata ngozi kati ya paja na mwili, kisha likunje paja kwa nje mpaka kiungo kiachie. Toa kila upande wa kidari ukiwa mzima kwa kufuata mfupa wa katikati na kisu chembamba, uulaze juu ya ubao, na uukate vipande kwa kukatisha nyuzi za nyama, kila kipande kikibaki na ngozi yake. Wanaokata vipande virefu moja kwa moja kutoka kwenye mfupa hupata nyuzi ndefu ambazo mlaji huziona kavu hata zisipokuwa kavu.

Kilichobaki kiingie katika friji kabla ya kupita saa mbili, kikiwa kimetolewa mifupani na kutandazwa katika vyombo vifupi ili kipoe upesi. Hapo kitafaa kwa siku tatu au nne, na kila unapokipasha hakikisha kinarudi nyuzi 74. Mifupa ivunje, uichemshe taratibu kwa saa tatu pamoja na zile mboga za kwenye trei, upate supu, ukipunguza chumvi.